Sindano Nilizomchoma Kaka

Kaka yangu alinikuta barazani kwangu, mtaa wa Chapwa, namenya ndizi za mchana. Akatoa vichupa vitatu kwenye mfuko wa koti, kavizungushia karatasi ya chooni. Ndani mlikuwa na unga mweupe, kidogo sana.

"Nimevitoa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa jamaa mmoja anayeuza jimu," alisema. "Usiogope, mdogo wangu, hii siyo homoni yenyewe. Ni peptaidi. Inauamsha ubongo, mwili utoe homoni yake wenyewe ya ukuaji, kama enzi za ujana. Sasa mtu kutumia cha kwake, ubaya uko wapi?"

Alikuwa dereva wa malori. Ujanani, kijijini kwetu Isansa, alibeba gunia la kahawa peke yake kutoka shambani hadi barabarani, na watu walisimama kumwangalia. Sasa alishavuka hamsini, akipanda kwenye kebini anahema, na bosi wake alianza kuwapa wengine gari mpya. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Mimi ni nesi. Nilikigeuza kichupa nikasoma maandishi madogo ya Kiingereza: ni kwa utafiti wa maabara, kisitumiwe na binadamu. Nikamwambia. Akacheka.

"Wanaandika hivyo kukwepa ushuru tu."

Tunduma, mji wa mpakani, maneno kama hayo yanaingia akilini upesi. Isitoshe, baba alipofariki, kaka ndiye aliyenisomesha, na hakuwahi kuniomba kitu. Siku hiyo aliniomba kimoja. Alisema kujichoma mwenyewe hawezi, basi nimchome mimi.

Nikawa namchoma. Alikuwa akija asubuhi na bodaboda, hajala kitu, nikiwa tayari nimevaa sare ya kazi. Niliyeyusha unga, nikafinya ngozi ya tumbo, nikaingiza, akashusha shati. Wiki za mwanzo alikuwa na furaha. Alisema analala vizuri, mgongo umeacha kuuma. Kisha vidole vikavimba, pete ya ndoa ikagoma kutoka, viganja vikafa ganzi. Muuzaji alimwambia ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Na mimi nikamwambia maneno hayohayo, kana kwamba niliyajua.

Halafu akaanza kunywa maji. Chupa kubwa aliimaliza akiwa bado kwenye kiti changu.

Mama yetu alikufa kwa kisukari. Kipimo cha sukari kilikuwa kwenye droo yangu kazini, na kila siku niliwatoboa watu vidole. Kaka sikumpima. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu si zuri: niliogopa namba itakayotokea, kwa sababu mikono iliyomchoma ilikuwa yangu.

Alizidiwa kwenye foleni ya malori, mchana, akisubiri kuvuka mpaka. Foleni ikasogea, lori lake likabaki palepale. Wenzake walipiga honi, wakatukana, mwisho wakafungua mlango. Alikuwa ameegemea usukani, hajui hata jina lake. Hospitalini sukari ilikuwa juu mno hadi kipimo kikashindwa kuonyesha namba. Walipomvua viatu, vilivyokuwa vimembana tangu miguu ivimbe, walikuta kidole kimeoza. Hakuwahi kusikia maumivu. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Daktari alituambia hawezi kuapa kwamba ni sindano peke yake. Huenda sukari ilishaanza kimyakimya. Lakini dawa za namna ile hupandisha sukari, akasema, na mtoto wa mgonjwa wa kisukari hakupaswa kuzisogelea.

"Nani alikuwa anamchoma?" wifi yangu aliuliza.

"Nilijichoma mwenyewe," kaka alijibu. Hakunitazama.

 Wifi akanilalia begani akalia. "Wewe ni nesi," alisema. "Angekwambia, ungemkataza."

Nilikaa na maneno hayo miezi minne. Wao walishahamia Isansa, kwa sababu dereva wa mguu mmoja hana kazi mpakani. Jumamosi moja nikaenda, nikamkuta wifi anapukuchua mahindi nje, na kaka yuko kwenye kiti kando yake. Nikasema yote.

Wifi aliuliza jambo moja tu. "Kile kichupa ulikisoma?"

"Nilikisoma."

Akainuka, akachukua beseni lake, akaingia ndani. Kaka alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Mimi nilishalimaliza hili jambo," alisema. "Umemwambia ili iweje? Ili wewe upumue?"

 Bado naenda kila nikipata nafasi, nambadilishia kaka kitambaa cha kigutu, tunaongea habari za mvua na kahawa. Wifi ananisalimia kama mgeni, anashika jembe, anaenda shambani, na harudi mpaka niondoke.