Kambi ya Minjila na Mto Uliohama

Mgongo wangu na mabasi havipatani. Tangu nilipoanguka kwenye ngazi nikipaka rangi dari, nikikaa ndani ya basi zaidi ya saa mbili nashuka nimepinda kama mundu. Treni ni habari nyingine: unasimama, unatembea behewa zima, unarudi, na hakuna anayekuuliza. Kwa hiyo mke wangu aliposema kwamba likizo yake ya siku nne anataka tukaendeshe baiskeli kando ya mto Tana, nilikubali kwa sharti moja. Kambi nichague mimi, na treni itufikishe karibu nayo iwezekanavyo.

Karibu, kwa safari ya Tana, ni neno la kuchekesha. Kutoka Voi tunakoishi treni inakushusha Mombasa, na baada ya hapo ni basi tu, na Malindi unashuka kunyoosha mgongo. Nilikaa mezani jioni mbili na ramani. Kinakomba tungepata mwenyeji, lakini ni mbali zaidi juu ya mto. Kau ilinivutia, ila huko mwisho wake ni mtumbwi, na sikujiona nikikumbatia baiskeli ndani ya mtumbwi. Nikaamua Minjila, kabla tu ya Garsen, njia panda ambapo basi linakushusha mlangoni pa nyumba ya wageni. Nilijiona bingwa.

Baiskeli zilikuwa kisingizio, na wote wawili tulijua. Mama mkwe wangu alizaliwa kando ya mto ule, akauhama wakati wa mafuriko na bintiye mgongoni, asirudi tena. Mwaka uliotangulia safari yetu alifariki. Kabla ya hapo alimwomba binti yake kitu kimoja, akalikanyage shamba lao japo mara moja. Mke wangu hakuwa na hati wala picha. Alichoogopa, aliniambia, ni kwamba mama alikuwa mtu wa mwisho kulijua lile shamba, na sasa amekwenda nalo.

"Umeuliza mto uko wapi?" aliniuliza nilipomwonyesha Minjila.

"Uko hapa kwenye ramani."

"Mama alisema mto ule huhama, baba watoto."

"Mto si mfugaji," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Mgongo ulivumilia, na kwa hilo naishukuru treni mpaka leo. Fundi wa baiskeli pale Minjila alituazima mbili, nyeusi, nzito, za kubebea magunia, na kulipokucha tukashika njia ya mashambani. Mama mkwe alisimulia kwamba shamba liko ng'ambo ya kivuko kilicho karibu na Minjila, hivyo nilikuwa nimepanga vizuri habari ya kuvuka. Nilikuwa na mpango wa mtumbwi, maana kuvuka tu si safari, na mpango mwingine wa kuzungukia darajani Garsen iwapo mtumbwi utakosekana.

Tulipofika kivukoni hapakuwa na mto. Palikuwa na bonde la mchanga na nyasi, na ng'ombe wa wafugaji Waorma wakila katikati. Nilizungusha ramani huku na huku.

Tukasukuma baiskeli kwenye mchanga hadi ukingo wa pili. Huko mashamba yalikuwapo, vipande virefu vyembamba vimepangwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kikianzia kwenye ukingo wa zamani na kuingia ndani hadi porini. Ndivyo Wapokomo, wakulima wa mto huu, wanavyogawana, ili kila mtu apate kipande cha ukingo. Lakini vyote vilifanana, na hakuna kilichoandikwa. Mke wangu akalaza baiskeli, akaketi chini. "Turudi tu," akasema. Nilijiona mjinga, na roho iliniuma.

Mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa. Akaja na jembe begani. "Watu wa wapi nyinyi?"

Mke wangu akamweleza. Yule mama hakuuliza jina. Aliuliza, "Mama yako napakana na nani?"

Na hapo nikamwona mke wangu akifumba macho. Mama yake alikuwa akimwimbia orodha ya majirani wa shamba kila alipomlaza, na mimi nilidhani ni wimbo wa watoto tu. "Kutoka kivukoni tukishuka na maji," akasema polepole, "fundi wa mitumbwi. Halafu mama wa mapacha. Halafu kiziwi. Halafu sisi."

Yule mama akashusha jembe chini. "Kiziwi ni baba yangu," akasema.

Alituongoza akihesabu kwa kidole. Fundi, mapacha, kwao. Kisha akasimama kwenye kipande kilichofuata. Alikuwa akikilima yeye miaka yote hii, akatwambia waziwazi, maana shamba likiachwa linageuka pori. Ila mpaka hakuusogeza. Na pale ukingoni kulikuwa na kichaka cha migomba ambacho hakukikata. "Hii ni vitukuu vya ile mama yako napanda. Ikizaa nakula. Ikizeeka naacha mtoto wake."

Mke wangu alivua viatu. Alisimama kati ya ile migomba, mkono kwenye shina, akalia bila kujificha. Nami nililia, sioni haya kusema. Kisha nikamvulia yule mama kofia yangu.

Usiku wa pili hatukulala Minjila. Yule mama alikataa katakata, akatutandikia kwake, na kitanda cha kamba kiliutendea mgongo wangu wema ambao sikuutarajia. Kambi niliyoihangaikia jioni mbili ilibaki na mabegi yetu. Wala sijuti. Kama si treni nisingefika, na kama si ujinga wangu wa kufuata ramani ya mto wa zamani tungevuka kwa mtumbwi mahali pengine kabisa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile, mke wangu alipokwisha kujifuta machozi, yule mama alimtazama miguu iliyokanyaga udongo, akamtazama usoni, kisha akamkabidhi jembe.

"Palizi umechelewa," akasema. "Anzia hapa kwako."