Shahada ya Betri na Simu ya Baba Mkubwa

Fundi alikwenda kazini na hasira kama watu wengine wanavyokwenda na mwavuli: mvua haijaanza, lakini hali ya hewa anaifahamu.

Jina hilo hakulichagua. Alipewa na ukoo siku aliyorudi kutoka chuoni na shahada yake ya teknolojia ya habari, pale shangazi alipompokea begi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamkabidhi pasi iliyoungua. Alipoeleza kwamba hakusomea pasi, shangazi alimpa pole, akaamini chuo chenyewe hakikuwa kizuri. Kampuni ya bima iliyokuja kumwajiri ilimpa cheo chenye maneno manne, lakini ofisi nayo ikamwita Fundi, pengine kwa sababu maneno manne ni mengi kuyapigia kelele ngazini.

Taaluma yake aliifanyia chini ya meza. Huko ndiko zilikokaa kebo, na huko ndiko alikozizoea soksi za wenzake kuliko nyuso zao. Meneja wa madai alikuwa na mguu mrefu na tabia ya kuunyoosha. Akiunyoosha anachomoa waya, akichomoa waya kompyuta inazimika, na kompyuta ikizimika anatangaza kwamba imeingia virusi. Fundi hupiga magoti, huchomeka waya, husimama, hujipangusa suruali.

"Umeviua?" meneja huuliza.

"Nimeviua."

Kosa halikuwa la shahada. Mwenzake wa meza ya pili alisomea hiyohiyo, naye alipita koridoni akipiga mluzi, akiutunza mtandao wa ofisi kama mtu anavyotunza bustani. Kosa ni kwamba Fundi alitaka kuandika programu. Akiwa shuleni aliandika moja ya kupanga ratiba ya mitihani ili madarasa mawili yasigombee chumba kimoja, na ikafanya kazi, jambo ambalo ratiba ya mwalimu mkuu haikuwahi kulifanya. Alitaka uhandisi wa programu. Ila katika ukoo ule shahada zilichaguliwa na Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa alipotazama majina yote yenye kompyuta ndani yake, alisema yote ni yaleyale, akachukua lililokuwa juu kabisa.

Baba Mkubwa alikuwa mkaguzi wa shule. Serikali ilipomstaafisha, akaendelea kukagua ukoo. Kaka mdogo wake, baba yao akina Fundi, alipofariki, yeye aliwalipia ada watoto wote wawili bila kunung'unika hata siku moja, na hilo ndilo lililofanya kumkasirikia kuwe kazi ngumu. Mtu mbaya unamkasirikia ukiwa umelala. Mtu aliyekulipia ada inabidi ujiandae.

Alasiri ile Fundi alikuwa chini ya meza ya meneja simu yake ilipotetemeka. Ujumbe ulitoka kwa mdogo wake wa kike.

"Dada, amebadilisha. Ameniweka mifumo ya habari. Dirisha linafungwa leo saa kumi na mbili."

Fundi alinyanyuka bila kukumbuka aliko. Meza ikampiga kisogoni, kalamu za meneja zikamwagika.

"Virusi?" aliuliza meneja, akirudisha miguu.

"Ruhusa, bosi. Nina dharura nyumbani."

"Na mashine yangu je?"

"Nyoosha mguu upande wa pili."

Huyo mdogo wake aliitwa Betri tangu alipokuwa mdogo kiasi cha kutambaa, kwa sababu kila saa ya ukutani iliyosimama nyumbani, betri yake ilipatikana mfukoni mwake au mdomoni. Sasa alikuwa amemaliza shule kwa alama nzuri, na dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa limefunguliwa wiki kadhaa. Akaunti yake alikuwa ameifungua Baba Mkubwa mwenyewe, kwa namba yake mwenyewe ya simu. Si kwa hila. Aliona ni utaratibu tu, kama hati ya nyumba inavyokaa kwa mkubwa. Matokeo yake, Betri aliweza kuingia kwenye akaunti na kutazama apendavyo, ila kila alipotaka kubadilisha chochote, mfumo ulituma namba ya uthibitisho ya tarakimu sita kwenye simu ya vitufe iliyokaa mfukoni mwa shati la Baba Mkubwa. Namba hiyo ilidumu dakika mbili. Aliyeshika simu ndiye aliyeshika chuo.

Njia nzima Fundi alijipanga. Alipanga hoja, akazipanga upya, akazitupa, akabaki na matusi. Alipofika mlangoni matusi nayo yakamwishia, maana Mama ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usianze."

"Sijasema kitu."

"Nimekuzaa mimi. Ingia, usianze."

Sebuleni Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kochi la peke yake, miwani kwenye paji la uso. Betri alikuwa amekaa chini, kompyuta ya kuazima mapajani, macho mekundu. Saa ya ukutani ilisema imebaki nusu saa. Ilikuwa inatembea, ishara kwamba mtoto ana mambo mengine kichwani.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, Fundi. Umekuja wakati mzuri. Ile redio yangu inakoroma."

"Baba Mkubwa, kwa nini umebadilisha?"

"Nimeboresha," alisema mzee, kwa sauti ya ripoti. "Alikuwa amejiandika uhandisi wa kompyuta. Nikaenda kumwuliza mwenye duka la kuchapisha, mtu anayekaa na kompyuta kutwa. Akaniambia mifumo ya habari ina masomo ya uongozi na biashara ndani yake, tukabadilisha palepale. Atakaa ofisini, atavaa suti, ataitisha vikao. Wewe huoni wewe mwenyewe unavyotambaa?"

Fundi akapiga hatua moja mbele.

"Ninatambaa kwa sababu uliniweka huko!"

"Mimi nimekuweka chini ya meza?"

"Uliniambia zote ni kompyuta!"

"Kwani si kompyuta?"

"Baba Mkubwa, daktari wa meno na daktari wa ng'ombe wote ni madaktari. Jino likikuuma unakwenda kwa yupi?"

Mzee alifikiri kwa haki kabisa. "Aliye karibu."

Mama alitoa kicheko, akakimeza upesi kwa kikohozi. Fundi hakucheka. Alisimama katikati ya sebule akasema yote, mikono ikikata hewa. Kwamba anayesoma sayansi ya kompyuta anazama kwenye hisabati, anauliza swali gani mashine inaweza kulijibu na kwa njia gani fupi. Kwamba uhandisi wa programu ni kazi ya watu wengi wanaojenga programu kubwa isiwaangukie wenyewe. Kwamba mifumo ya habari ni nzuri kwa mtu anayependa kujua kampuni inavyoendeshwa na kompyuta iisaidieje, na kwamba huyu mtoto hajawahi kupenda kampuni yoyote maishani mwake, hata hii iliyopo hapa sebuleni. Kwamba mtu anapewa maisha mara moja halafu anachaguliwa kwa kutazama lipi liko juu, lipi lina suti.

"Miaka yote hii sijaandika hata programu moja! Ninaua virusi ambavyo havipo!"

"Punguza sauti," alisema Mama.

"Nimeipunguza toka nimemaliza chuo, Mama."

Baba Mkubwa aliishusha miwani machoni, akamtazama mtoto wa mdogo wake kama anayemwona akiwa na urefu mpya. Hakuomba radhi. Wakaguzi hawana fomu ya hiyo. Lakini alitoa simu mfukoni, akanyoosha mkono.

"Hujawahi kuniambia."

"Ungenisikia?"

"Hapana," alisema mzee, kwa ukweli uliomuudhi Fundi kuliko uongo wowote. "Haya, shika. Malizeni nyie wasomi. Mimi wakinilaumu, nilikuwa sioni vizuri."

Fundi aliipokea simu. Ilikuwa na joto la kifua cha mzee. Akaketi karibu na Betri, akahema, akasema kwa sauti laini aliyodhani ni ya upole:

"Haya mdogo wangu. Ingia, ondoa hiyo mifumo ya habari, weka uhandisi wa programu."

Betri hakugusa kitufe.

"Uhandisi wa kompyuta, dada. Ndiyo niliyoandika mwanzo."

"Najua ulichoandika mwanzo. Ulikuwa hujui. Hiyo ni bodi na waya na vihisio, utaishia kufungua mashine za watu. Mimi nazijua mashine. Andika programu, dunia yote inaendeshwa na programu."

"Mimi nataka kuzitengeneza hizo bodi."

"Unasema hivyo sasa."

"King'ora cha tangi la maji nani alikitengeneza? Kinacholia tangi likijaa?"

"Betri, nisikilize..."

"Si mimi?"

Ni kweli, alikitengeneza yeye, kwa vipande vya redio mbovu na kihisio cha maji alichonunua mwenyewe, na tangu hapo maji hayakumwagika tena uani. Fundi aliposhika kifaa kile mara ya kwanza alikuwa amesema, "Programu yake ni fupi sana," akakirudisha. Betri hakusahau.

Mtoto aliandika alichotaka, akabonyeza kuhifadhi. Simu mkononi mwa Fundi ikalia. Tarakimu sita zikakaa kwenye kioo kidogo, wazi kabisa.

"Soma," alisema Betri.

Fundi alizitazama. Alijiambia anafikiri. Alijiambia anamwokoa mtoto na magoti. Alifikiria mguu wa meneja, waya, soksi, na akaona kwamba akinyamaza kidogo tu, mtoto atachoka, atakubali, siku moja atashukuru. Aliuficha uso wa simu kwa kiganja.

"Kwanza tuongee."

"Dada, dakika mbili."

"Tuongee, nimesema!"

Kwenye kompyuta pakatokea maandishi mekundu: namba imekwisha muda.

Betri aliweka kompyuta sakafuni, polepole, akasimama. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Asubuhi alikuwa Baba Mkubwa. Sasa ni wewe. Yeye angalau hakuja mbio kutoka kazini kuniokoa."

Kutoka kwenye kochi la peke yake ilisikika sauti ya mtu anayejitahidi kutofurahi.

"Wanafanana," mzee akamwambia Mama.

"Nani na nani?" akauliza Mama.

Fundi alikaa na simu mkononi, uso ukimwaka. Hasira zake zilikuwa bado zote zipo, nzima, hazijapungua hata chembe. Ila ghafla hazikuwa na mtu wa kumwangukia. Alizitafutia pa kutua. Kwa mzee zilikataa, kwa mtoto zilikataa. Zikabaki zimemkalia yeye mwenyewe, na akazichukia zaidi kwa kukaa hapo.

"Kaa," alisema kwa ukali. "Kaa, bonyeza tena. Unangoja nini, dirisha lifungwe?"

Betri aliketi, akabonyeza. Simu ikalia. Fundi alisoma tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayejisomea mashtaka, mpaka ya sita. Kwenye kompyuta pakaja kijani: mabadiliko yamehifadhiwa. Uhandisi wa kompyuta.

"Hongera," Fundi alisema, bado kwa ukali. "Utakwenda kuumia vidole na nyaya."

"Nitaumia."

"Hisabati yake ni nzito."

"Naijua."

"Na wakikuita fundi?"

Betri alifikiri. "Nitaitika. Mimi nitakuwa fundi kweli."

Baba Mkubwa alicheka mpaka miwani ikaanguka. Fundi alimrudishia simu yake bila kumtazama, akageukia kompyuta.

"Sasa ondoa hiyo namba yake ya simu, asije akaamka kesho akaboresha tena. Weka yangu. Kwa usalama."

Betri alimtazama. Alivuta kompyuta akaielekeza upande wake, akachapa namba, akabonyeza. Mzee akasoma kutoka kwenye kochi namba yake ya mwisho ya kuidhinisha, kwa heshima zote za ofisi aliyokuwa anaikabidhi, tarakimu baada ya tarakimu, akiwa amebakiza sekunde chache.

Kisha simu ya tatu ikalia sebuleni, ile yenye kioo kilichopasuka, iliyokuwa mfukoni mwa Betri. Fundi alijua ni namba ya uthibitisho, na kwamba namba ya simu iliyochapwa si yake. Aliinuka akaenda kuitazama ile redio inayokoroma.