Susu Alivyonitoa Jasho kwa Mashine ya Unga

Kataa ukitaka, lakini Makueni nzima hakuna mtu wa kunishinda ule mchezo wa simu wa chura anayepanda. Unamvuta chini kwa kidole kama manati, unaachilia, anaruka ngazi ya juu. Rekodi yangu ni mia mbili na kumi. Shule niliacha mapema, vidole vikaendelea kusoma.

Jumanne nilikuwa Matiliku kwa mashine ya kusaga. Mwenye mashine akatangaza kwamba dizeli iliyobaki inatosha mahindi yangu tu. Nyuma yangu alikuwa susu mmoja, nyanya wa Kikamba mwenye mvi, ambaye nyumbani hakuwa na unga hata wa uji. Akachungulia simu yangu.

"Huyo anaenda wapi?"

"Juu, susu."

"Juu wapi?"

"Hakuna mwisho."

"Sasa atajua aje amefika?"

Hilo swali linanizungusha kichwa mpaka leo. Nikampa simu. "Ukipita rekodi yangu, saga wewe."

Akafumba jicho moja, kama mtu aliyefukuza ndege kwa shamba la mtama utoto wote. Chura akapanda mpaka foleni nzima ikasogea kuangalia. Mia mbili na nane. Mia mbili na tisa. Kisha akaanguka.

"Umenishinda, mwanakwa," akasema akicheka, akajitwika mahindi yake na kurudi nayo nyumbani. Mimi nikasagiwa.

Sielewi mbona ule ugali ulikataa kushuka. Sawa, naelewa. Alipofika mia mbili na tisa nilimwambia kuna kuku anadonoa mahindi yake, akageuka kuangalia. Hakukuwa na kuku.