Chungu cha Kwenye Nguzo

Wifi yangu Tusekile hakuwa mtu wa maneno. Katika nyumba ile maneno yote nilipewa mimi, Angetile, vicheko akapewa kaka yangu Asegelile, na Tusekile akapewa mikono. Alizaliwa Ikombe kwa Wakisi, ambako mtoto wa kike huanza kufinyanga kabla hajajua kusonga ugali. Alipoolewa kwetu, ufukoni karibu na mto Lufilyo unapoingia ziwani, alikuja na mtumbwi umejaa udongo. Mama yangu akasema, "Tumeoa mke au tumeoa shimo?" Haukupita mwaka akanyamaza, maana watu walikuwa wakitoka Ipinda na Makwale kuja kubadilisha mchele na ndizi kwa vyungu vya mkwewe.

Leo ukiuliza habari za Tusekile utaambiwa alikuwa mwanamke wa kungoja. Kungoja! Nani hangoji? Wasemao hivyo hawajui alingoja nini. Alimngoja mumewe arudi ili amwambie jambo moja, na jambo lenyewe alikuwa akiliogopa kuliko mamba.

Wadachi, ndio Wajerumani, walikuwa wamejenga nyumba ya mapumziko ufukoni kwetu. Mabwana wa boma kule mlimani wakichoka na ukungu walishuka na wake zao, vitanda vyao, hata bata wao wa kuchinja, wakakaa wiki mbili wakioga ziwani. Maji yetu ni matamu, sikatai. Lakini sisi tunayaingia kwa akili. Mvua zikiujaza Lufilyo, mto huteremsha matope na mamba pamoja. Ndiyo maana tangu zamani wanawake wa kwetu huteka maji ndani ya uzio wa mianzi iliyochomekwa ziwani, na mianzi ikioza hubadilishwa siku hiyo hiyo bila mjadala.

Msimamizi wa nyumba ile, Mdachi tuliyemwita Bwana Mrefu, alimpa kaka yangu kazi ya kulinda maji ya wageni. Asegelile akajenga uzio mzuri, mpana, na miaka miwili hakuna aliyepata hata mchubuko. Mwaka wa tatu, ambao ulikuwa wa pili kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza, mianzi ya upande wa mtoni ikaoza. Kaka yangu akaenda barazani kwa Bwana Mrefu mara tatu. Mara ya tatu nilikuwepo, nimepeleka samaki jikoni, nikasikia kwa masikio yangu.

"Uzio unawazibia wageni ziwa," alisema Bwana Mrefu. "Usiongeze hata mwanzi mmoja. Wakiondoka utatengeneza."

"Bwana, mamba hangoji wageni waondoke."

"Toka barazani!"

Kaka akatoka. Lakini Asegelile hakuwa mtu wa kulala na neno. Akasimika nguzo ndefu pale wageni wanaposhukia majini, akamwomba mkewe chungu. Chungu kikiwa mdomo juu, oga. Kikiwa mdomo chini, hakuna kuingia hata kunawa miguu. Wageni wakaambiwa wote, na wapishi wao wakaambiwa. Tusekile akatoa chungu chake bora kuliko vyote, chekundu, kimezungushiwa shingoni michoro myeupe myembamba utadhani imechorwa kwa unywele. Nikamtania, "Wifi, unampikia mamba?" Akacheka mpaka akaweka udongo chini.

Ikafika siku ile. Alfajiri Asegelile aliona mamba wawili wamelala mchangani, wakateleza majini kando ya uzio mbovu. Akafunika chungu mdomo chini, kisha akachukua panga. Alikuwa amechoka kungoja ruhusa. Alisema atapanda vilimani kukata mianzi, auzibe uzio hata Bwana Mrefu akimchapa. Akamwambia mkewe, "Angalia nguzo mpaka nirudi." Maneno yenyewe yalikuwa hayo tu.

Jua lilipopanda, akaja bibi wa Kidachi mwenye kofia pana, mke wa bwana mmoja wa boma. Alikuwa akiondoka siku ile, wapagazi wake wameshafunga mizigo. Akasimama chini ya nguzo akiangalia juu, akamwita Tusekile. "Chungu zuri," akasema. "Mimi nataka." Tusekile akamwonyesha ziwa, akanyoosha mikono miwili akaifumba na kuifumbua kama taya. Bibi akacheka: yeye haogi leo, anaondoka. Akarudia kukisifia kile chungu, akapitisha kidole hewani akifuata ile michoro myeupe.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wifi yangu hakuwa amesifiwa na mgeni maishani mwake. Akaegemeza ngazi, akapanda, akakishusha chungu kwa mikono yake, akakitoa. Bibi akampa kitambaa cha bluu, wapagazi wakabeba, wakaenda.

Sasa, Tusekile hakuwa mjinga. Alikimbia nyumbani kuleta kingine. Lakini ilikuwa wiki ya mvua, na vyungu vyote saba vilivyokuwa chini ya paa vilikuwa vibichi. Kibichi ukikichoma kinapasuka. Ukikitundika mvuani kinarudi udongo. Kilichobaki nyumbani kilikuwa kimoja, kile cheusi cha kuchemshia mboga, kimeshika masizi, mdomo umemeguka. Akakinyanyua. Akafika nacho mlangoni. Akawafikiria wageni waliobaki kule barazani, waliosikia akisifiwa, wakiinua macho na kukuta lile dude la masizi kwenye nguzo, waseme kumbe huyu ndiye mfinyanzi. Akaona aibu. Akakirudisha jikoni, akaanika vibichi karibu na moto, ili kimoja kikauke haraka.

Ndugu zangu, aibu ya masizi! Mpaka leo nikiiwaza nasikia joto masikioni.

Karani mmoja kijana wa boma akatoka usingizini alasiri, akaangalia nguzo, hakuona kitu. Nguzo tupu haimwambii mtu usiende. Akaingia majini. Tulisikia ukelele mmoja tu. Wakati huo huo Asegelile alikuwa akishuka na mzigo wa mianzi kichwani. Akautupa, akaruka majini na panga lake, akampiga mamba puani na machoni mpaka akaachia. Karani akatoka mzima, mguu mmoja umesagika, baadaye wakaukata. Kaka yangu alivuja damu mkono mzima, akacheka: "Huyu mamba naye hana adabu, anakula bila kunawa." Ndivyo alivyokuwa. Mungu wangu, ninavyoyatamani maneno yake!

Shauri lilisikilizwa pale pale barazani kesho yake. Swali lilikuwa moja: mlinzi alikuwa wapi? Hakuna aliyeuliza uzio ulikuwaje. Bwana Mrefu aliangalia viatu vyake. Nikapaza sauti kwamba uzio ulioza na yeye ndiye aliyekataza. Askari akanishika bega akanitoa. Kesi ya nyani ukampelekea ngedere, unategemea nini?

Wakamuuliza Asegelile chungu kiko wapi. Tusekile alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, mdomo umeshafunguka. Lakini kaka yangu akatangulia. "Nilikiacha juu," akasema. "Labda upepo umekiangusha, maji yakakichukua." Na mdomo wa wifi ukajifunga. Asegelile akapigwa viboko ishirini na tano, akahukumiwa miaka mitatu ya mnyororo huko bomani.

Tusekile alihesabu miezi kwa vyungu. Kila mwezi alifinyanga kimoja kwa ajili ya nguzo, maana nguzo ile ilibaki, na wanawake wakaizoea. Wageni hawakushuka tena kuoga. Bwana Mrefu alihamishwa, na uzio tukauziba wenyewe, kwa mianzi ile ile aliyoitupa Asegelile. Kila alfajiri wifi alikagua mchanga, akapanda ngazi, akageuza chungu juu au chini. Hakuna aliyemtuma. Chungu cheusi cha mboga hakukipikia tena, alikifukia kwenye majivu nyuma ya jiko.

Mwaka wa kwanza tulikwenda bomani, yeye na mimi, siku mbili kwa miguu, tumebeba samaki wakavu. Askari alipokea samaki, akatuambia tusimame ng'ambo ya barabara. Wafungwa wakapita na mawe, shingo zimeunganishwa. Asegelile alikuwa wa nne. Alikuwa amekonda, lakini alipotuona meno yote yalitoka nje. Akapaza sauti kwa Kikisi, "Tusekile! Vile vibichi ulishachoma?"

"Nilichoma!" akajibu wifi.

"Vikatoka vizuri?"

"Viwili vilipasuka!"

Askari akawasukuma, wakaenda. Ndiyo mazungumzo yote ya mwaka mzima. Nilifikiri anauliza kazi za nyumbani, kama mume anavyouliza.

Njiani kurudi, tulipopumzika Ipinda, Tusekile akaniambia yote: bibi, kitambaa, chungu cheusi. "Ningemwambia leo," akasema. "Ng'ambo ya barabara nimwambieje? Akirudi nitamwambia. Akinifukuza, anifukuze."

Sitasema uongo, nilitamani kumpiga kofi. Nilinyanyuka nikamwacha pale, na sikumsemesha tangu kupanda mpunga mpaka kuvuna. Kaka yangu yuko kwenye mnyororo kwa ajili ya masizi! Lakini hasira nayo huchoka. Siku moja nilimkumbuka Asegelile mpaka kifua kikauma, nikatafuta mtu wa kumkumbuka pamoja naye, na katika kijiji kizima hakukuwa na mwingine ila yeye. Nikaenda na samaki wawili. "Ugonile, wifi," nikamsalimu. Akasogea kwenye mkeka, nikakaa.

Miaka mitatu ikakaribia kuisha, na vita vikaja. Nani anafungua mnyororo wakati wa vita? Wafungwa wakafanywa wapagazi. Mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na sita Waingereza wakavuka mto wa mpakani kutoka Nyasa, Wadachi wakakimbilia upande wa Ubena, na wapagazi wao wakaenda nao. Nyumba ya mapumziko ikabaki na popo. Tusekile alikuwa bado anapanda ngazi. Vyungu vilikuwa vimepita hamsini. Akiona mtu anakuja ufukoni kwa miguu, hata awe mbali namna gani, aliacha udongo, akasimama, akijifuta mikono, midomo ikitembea. Nilijua anayapanga maneno yake. Mtu akikaribia akawa mwingine, aliketi tena akaendelea kufinyanga.

Mvua za kwanza za mwaka ule zilipoanza, akaja mtu mmoja mwembamba, anaulizia nyumba yenye chungu juu ya nguzo. Jina lake Mika, mtu wa Makwale, alikuwa mfungwa shingo moja na kaka yangu. Tusekile alimpa maji, akasimama mbele yake.

"Asegelile yuko nyuma?" akauliza.

Mika akatikisa kichwa. Walikuwa Ubena, kwenye baridi, mzigo wa risasi. Tumbo la kuhara damu lilimkamata, siku nne. Mika mwenyewe ndiye aliyemzika, chini ya mti, akatoroka siku ya pili yake.

Nilipiga ukunga. Wifi hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe hakujua. Amekufa bila kujua."

"Hakujua nini, mama?"

"Kwamba chungu hakikuangushwa na upepo. Nilikitoa mimi."

Mika akaweka kata chini. "Mama, alijua. Mwezi wa kwanza tu bomani tulipelekwa kuteka maji kwenye nyumba za wakubwa. Barazani kwa bibi mmoja tukakikuta, kimewekwa maua. Asegelile alikizunguka mara mbili, akakipapasa, akacheka mpaka akachapwa. Kila siku alikuwa anaomba zamu ya kupeleka maji nyumba ile ili akiangalie. Akaniambia, 'Mke wangu huyu. Vingine lazima vilikuwa vibichi, kama si hivyo angetundika kingine.'"

Hapo ndipo nilipoelewa alichouliza ng'ambo ya barabara. Nikamwangalia wifi, naye alikuwa ameelewa.

"Siku ya mwisho," Mika akaendelea, "alisema, ukifika kwetu mwambie Tusekile hivi: hata kile cheusi cha mboga kingetosha. Lakini namjua, asingekubali. Halafu akacheka, mama. Hakuwa na nguvu, lakini alicheka."

Tusekile akapiga goti. Akalia sasa, kilio cha miaka minne, akiita jina la mumewe na kumtukana, "Asegelile mbaya wewe, ulijua! Ulijua na umeniacha!" Nikamshika, tukalia wote wawili, na Mika akageuza uso upande wa ziwa.

Matanga yalipokwisha, nilikwenda kumjulia hali alfajiri. Sikumkuta ndani. Alikuwa nyuma ya jiko, amepiga magoti, anafukua majivu. Alikitoa kile chungu cheusi, mdomo wake umemeguka vile vile, akakibeba bila kukisugua. Nilimfuata bila kusema neno, na mimi kunyamaza ni kazi. Ufukoni akashusha chungu chekundu, akanipa nikishike. Akaangalia mchanga kwa muda mrefu. Kulikuwa na alama ya mkia.

"Nishikie ngazi, wifi," akasema.

Nikaishika. Akapanda, akakifunika kile cheusi mdomo chini, na wanawake waliokuwa wanakuja na ndoo wakakiona, wakarudi nyumbani.