Sigareti ya Baba Mkwe

Mke wangu alipoanza dawa za kifua kikuu, muuguzi alitusisitizia mambo mawili kuhusu nyumba: madirisha yakae wazi, na moshi usiingie, kwani mapafu yake yalikuwa na kazi ya kutosha. Mimi ni mtu wa utaratibu. Hata ufundi wa redio nilijifunza vitabuni, peke yangu. Nilianza siku ileile. Mbabula yetu, jiko la makaa, niliipeleka uani, chini ya bati nililolipigilia mwenyewe ili tupike hata mvua ikinyesha. Nikang'oa plastiki iliyoziba dirisha la chumba. Nikaacha kuvuta.

Akabaki mtu mmoja: baba mkwe, mstaafu wa reli. Kila siku baada ya misa ya asubuhi alikuja kukaa kando ya kitanda cha binti yake. Aliwasha sigareti na kumsimulia vituko vya Kambove, alikozaliwa. Mke wangu alicheka, akakohoa, akacheka tena.

Kwetu mkwe hakemewi. Simtazami usoni, sili naye sahani moja. Ningemwambiaje atoke nje? Neno kama hilo hupitia kwa mtu wa kati, na wetu, shangazi wa mke wangu, alikuwa Kasenga kununua samaki wa kuuza. Nikaamua kumngoja. Mke wangu naye hakutaka kusema.

"Kama anatoka inje, atasema tunamufukuza," aliniambia. "Hatarudia tena hapa. Umuache, ni papa yangu."

Shangazi alirudi kwa ajili ya mazishi.

Muuguzi hakusema kwamba moshi ndio uliomuua. Ugonjwa ulikuwa umekula sana kabla hatujaujua, na mimi sina haki ya kudai zaidi ya hapo. Lakini siku ya tatu ya matanga nilimweleza shangazi neno nililomwekea, naye, bila ubaya, akamfikishia mzee.

Mzee alinifuata uani. Akasimama mbele yangu, karibu kuliko desturi inavyoruhusu.

"Mukwe, ungeniambia tu. Ningekaa inje, ku dirisha. Tungesimuliana vile vile."

Nilitazama chini. Akaniuliza nilikuwa nimengoja muda gani. Nikamjibu: miezi mitatu.

Akaketi palepale kwenye saruji, na hakuna aliyethubutu kumwinua.