Tabea Anasoma na Sadoki

Tabea alijifunza kusoma akiwa msichana, katika darasa la ubatizo, kwa mwinjilisti aliyekuwa akiwaonyesha herufi kwa kijiti. Hakuwahi kuwa msomaji hodari. Alisoma polepole, kidole kikitangulia, na neno refu likimkabili alisimama kwanza akalitazama, kama mtu aliyefika kwenye mto uliojaa. Baada ya kuolewa na Anaeli na kuhamia kwenye shamba lake la kahawa na migomba, juu ya Makumira, hakusoma tena isipokuwa kitabu cha nyimbo siku ya Jumapili. Nazo nyimbo zenyewe alikuwa amekwisha kuzikariri.

Mtoto wao wa kwanza, Ruth, alipoanza shule ya misheni, hakumsumbua mtu. Alisoma kama anayemwaga mahindi kwenye debe. Wa pili alikuwa Sadoki, naye alikuwa na kigugumizi.

Nyumbani hakuna aliyelijali sana jambo hilo. Sadoki akitaka kusema kitu, neno la kwanza lilimkwama, shingo ikakazana, macho yakafumbika, kisha neno likatoka. Bibi yake alisema ataacha akikua. Ruth alikuwa na desturi ya kummalizia maneno, na Sadoki alimwacha ammalizie. Darasa la kwanza alilipita bila shida, kwa sababu watoto walisoma wote kwa pamoja kutoka ubaoni, na sauti yake ilikuwa ndani ya sauti za wenzake.

Darasa la pili mambo yakabadilika. Huko mtoto aliitwa jina, akasimama peke yake na kitabu mkononi. Sadoki alisimama, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Wenzake wakacheka. Siku ya pili vivyo hivyo. Baadaye akaanza kuamka asubuhi akishika tumbo, na Tabea akamchemshia majani ya dawa, na tumbo halikupona ila siku za Jumamosi na Jumapili.

Ndipo Mwalimu Ephraimu akawaita wazazi. Walimkuta kwenye baraza ya shule, akipanga vibao vya kuandikia.

"Baba Ruth, Mama Ruth, karibuni," alisema. "Nitasema wazi. Sadoki hajui kusoma. Kila nikimwita anasimama na kunyamaza. Mwisho wa mwaka msimamizi wa shule anakuja kuwasikiliza watoto mmoja mmoja. Asiyesoma hapandi darasa."

"Kama hawezi, hawezi," Anaeli akajibu. "Mbuzi wapo nyumbani. Atachunga."

"Usiseme hivyo. Bado ana miezi. Mmoja wenu amsikilize kila siku anaposoma." Mwalimu aliingia ndani, akafungua kabati ambamo vitabu vya shule vilifungiwa kwa kufuli, maana vilikuwa vichache, akatoka na kimoja. "Hiki si ruhusa kwenda nyumbani. Nakupeni. Kisiloe mvua."

Anaeli ndiye aliyeanza. Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado lipo, alimketisha mtoto kwenye kigoda mbele yake.

"Soma."

Sadoki akafungua mdomo.

"Soma, nakusikiliza."

Shingo ilikazana, mguu mmoja ukaanza kugonga chini. Anaeli akarudia tena kwa sauti kubwa zaidi, na tena, mpaka machozi yakaanguka kwenye ukurasa. Hapo akainuka ghafla, akamkuta Tabea jikoni.

"Msikilize wewe," alisema. "Mimi sitaki kumpiga. Lakini nikikaa pale nitampiga."

Tabea alimtazama usoni, akaona kwamba si hasira peke yake. Mume wake alikuwa anaogopa.

Kesho yake mchana Tabea alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kichanja cha kukaushia kahawa, akizigeuzageuza punje kwa mkono ili zipate jua sawasawa. Sadoki alirudi shuleni, akala ndizi zake, akaja na kitabu bila kuitwa. Alikaa chini, mgongo kwenye nguzo ya kichanja. Hadithi ilikuwa ya kuku na mwewe. Neno la kwanza lilikuwa "kuku", nalo likamkwama pale pale. K, k, k.

Tabea alingoja. Aligeuza kahawa upande mmoja, akageuza upande wa pili. Mtoto alikuwa bado yuko kwenye ile ile k, jasho likimtoka puani. Mwishowe mama hakuweza kuvumilia. Alifuta mikono kwenye kanga, akakaa kando yake, akaweka kidole kwenye ukurasa na kuanza kusoma mwenyewe. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu ile k iishe, na kwa kweli alitaka pia kujua mwewe alifanya nini.

"Kuku… mmoja… alikuwa na… vifaranga…"

Sauti nyingine ilikuwa inakwenda pamoja na yake. Mwanzoni hakuitilia maanani, kwa jinsi alivyokuwa ameshughulika na herufi. Walisoma mstari, wakasoma mwingine. Mwewe alionekana juu, kuku akawaita watoto wake, akawafunika kwa… Hapo Tabea akasimama. Neno lililofuata hakulijua. Nyumbani walisema Kimeru, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani.

"…mabawa yake," Sadoki akasema, akaendelea, "na mwewe akazunguka akazunguka, akaenda zake."

Alifika kwenye nukta ndipo akatambua kwamba anasoma peke yake. Akanyamaza, akamtazama mama yake.

"Mabawa ni nini?" Tabea akauliza.

Sadoki alikunja mikono yake miwili akaipigapiga mbavuni.

Tabea akacheka, kisha akaona kicheko kinataka kugeuka kilio, akainamia kitabu. Bado alikuwa na wasiwasi. Labda mtoto alikuwa ameikariri hadithi kwa kuwasikia wenzake. Akafunua karibu na mwisho, mahali ambapo darasa lilikuwa halijafika, penye picha ya mtu anayechimba kisima. Wakasoma pamoja. Kila alipokwama yeye, mtoto alipita. Kumbe muda wote huo herufi zilikuwa kichwani mwake, zimepangika vizuri. Hakuwa mjinga. 

Anaeli hakusadiki mpaka aliposikia kwa masikio yake. Alisimama kwenye kona ya nyumba, panga mkononi, akawasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akakohoa, akasema anakwenda kumkatia ng'ombe majani, ingawa majani yalikuwa tayari yako zizini. Lakini wakati wa chakula alisema jambo. "Ruth, kuanzia leo usimmalizie ndugu yako maneno. Wala mtu mwingine. Mimi pia nitanyamaza." Na kunyamaza kulimpa taabu kuliko kulima. Alikuwa akitazama dari, akikuna goti, akingoja neno la mwanawe lifike.

Walisoma kila mchana penye kichanja. Tabea alianza kupunguza sauti kidogo kidogo. Siku nyingine mtoto alikwenda peke yake mistari mitatu minne kabla ya kukwama, na mama akarudi kusoma naye. Siku nyingine hakuweza hata mstari, wakafunga kitabu wakageuza kahawa.

Kumweleza mwalimu kulimtia Tabea hofu kubwa. Mwinjilisti hakuwa amemfundisha kwamba mtu anaweza kumwendea mwalimu na kumwambia mambo ya kusoma. Alikwenda hata hivyo, akiwa na mkungu mdogo wa ndizi mbivu.

"Mwalimu, mtoto anasoma," alisema. "Ulimi ndio unaomkwama. Ukisoma naye, anasoma."

Mwalimu Ephraimu alimwita Sadoki, akafungua kitabu, wakaanza pamoja. Katikati mwalimu akanyamaza makusudi. Sadoki akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

"Nilidhani hajui herufi," mwalimu alisema taratibu. "Nimefundisha miaka mingi, na hili sikulijua. Umefanya vizuri kuja, Mama Ruth. Siku ya msimamizi nitamwomba aniruhusu nianze kusoma pamoja na Sadoki."

Siku ya msimamizi ilipofika, wazazi hawakuruhusiwa shuleni. Tabea alishinda akigeuza kahawa iliyokwisha kukauka. Anaeli alikuwa akipogoa miti ile ile aliyoipogoa juzi. Alasiri Sadoki akatokea kwenye njia ya migomba, anakimbia, na Ruth nyuma yake amejiziba mdomo kwa viganja viwili ili asiseme. Habari ilikuwa imeandikwa usoni mwa wote wawili. Hata hivyo Tabea alisimama, akangoja, na Anaeli akaja akasimama kando yake.

"Ni… ni-ni… ni… nimepanda," Sadoki akasema.

Anaeli alikaa chini palepale, juu ya majani makavu ya migomba, akavua kofia. Usiku ule Tabea alilala usingizi mzito, hata jogoo hakumwamsha.

Kigugumizi hakikumwacha Sadoki, wala hawakutegemea kimwache. Ila tumbo halikuuma tena, na darasa la tatu akapewa kitabu kinene zaidi, chenye habari za nchi za mbali. Tabea aliendelea kukaa naye, kwa kuwa sasa alikuwa anapenda. Siku moja walisoma kwamba kuna nchi ambako baridi ikizidi, maji ya ziwa hugeuka kuwa magumu na watu hutembea juu yake.

Anaeli, aliyekuwa akinoa jembe, akacheka. "Kitabu hicho kinadanganya."

Sadoki aligeuka, akanyoosha mkono upande wa Kilimanjaro, kule kwenye weupe wa kileleni, akaanza kumjibu baba yake. Lilikuwa jibu refu na lilikwama mara nyingi. Hakuna aliyemharakisha.

"Haya," Anaeli akasema lilipofika mwisho. "Tuseme ni kweli. Na samaki wanakaa wapi?"

Tabea akaweka kidole kwenye mstari uliofuata.