Aliyeacha Kumwamkia Mama Yake

Mectilda wa Nambis hajawahi kupokea kitu cha bure bila kukigeuza chini juu. Ukimwongezea vitunguu viwili juu ya kipimo, anauliza vile vya kwanza vina kasoro gani. Ukimtakia heri, anataka kujua umesikia nini. Miaka kumi na tisa sasa ananunua vitunguu swaumu kwa wakulima na kuwauzia wenye malori, na hajanunua gunia hata moja bila kulimwaga lote chini, maana mwaka wa kwanza alikuta mawe katikati, na mara hiyo moja ilimtosha maisha. Wakulima wanamnung'unikia, lakini wanamuuzia, kwa sababu yeye mwenyewe hapunji mtu. Anayemshuku kila mtu angalau hana upendeleo.

Kwa hiyo usishangae kwamba alimshuku Letisia.

Letisia ni mjane wa Emanuel, mdogo wake Mectilda na kitinda mimba wa nyumba yao. Aliolewa kutoka Hirbadaw, kwa watu wa ng'ombe, na miaka sita aliyokaa na mumewe hakupata mtoto. Mama mkwe, Bibi Fransiska, hakuliacha jambo hilo lipumzike. Alimsema kisimani, alimsema njiani wakitoka kanisani, alimsema hata mbele ya wageni waliokuwa wakila chakula alichopika yeye Letisia. Emanuel alipokufa kwa ajali ya pikipiki, kila mtu alingoja mjane afunge nguo zake arudi kwao. Hakurudi. Mwaka uliofuata Bibi Fransiska akapigwa na kiharusi, akalala, hasemi, hainui mkono wala mguu. Letisia ndiye aliyembeba, akamwosha, akamnywesha uji mwepesi kijiko kwa kijiko. Miezi tisa.

Kijiji kilimsifu, na kila sifa ilimwongezea Mectilda shaka. Hakuna mtu, alisema, anayefua mikojo ya aliyemtukana miezi tisa hivi hivi tu. Lipo jambo. Na jambo lenyewe alilijua: eka nne za bondeni, zenye hati ya kimila kwa jina la mama, na dole gumba la mama lililolala pale kitandani mchana kutwa bila mlinzi, likingoja mtu wa kulipaka wino. Mchawi mpe mwana akulelee, wengine walimwambia, na yeye akawajibu kwamba mchawi huyu amepewa mama.

Hospitalini daktari alikuwa amewaambia hivi: hatujui bado anasikia kiasi gani. Mectilda aliyapakia maneno hayo kwenye gari pamoja na mgonjwa, na njiani yakapungua, hata walipofika Nambis likabaki neno moja tu. Hasikii.

Basi akaacha kumwamkia mama yake. Nambis mtu mwenye mvi zake bado anamwambia mzazi shikamoo, na haketi mpaka aitikiwe. Siku za mwanzo Mectilda alijitahidi. Aliamkia, akasubiri marahaba, haikuja, naye akabaki amesimama katikati ya chumba kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Aliona aibu, na aibu ikageuka kuwa hasira, na hasira ikamfundisha njia fupi: anaingia, anavuta kigoda, anaongea na aliyepo. Kaka yake Festo akija kutoka Haydom, walizungumza yote palepale kando ya kitanda. Bei ya jeneza. Nani atalima bondeni. "Mungu angemchukua siku ile ya kwanza tungeshamaliza kulia," alisema Festo siku moja, na Mectilda akaitikia kwamba ni kweli.

Jumamosi moja alikwenda kwenye mgahawa wa Joakimu akiwa na swali moyoni. Mgahawa ule una chai ya kawaida na mabishano makali. Siku hiyo Joakimu alikuwa na simu mpya, ile unayoiuliza ikakujibu, na wazee walikuwa wameizunguka. Mzee Akonaay aliiuliza mvua itanyesha lini.

"Samahani, sijakuelewa," ilisema simu kwa sauti ya msichana.

"Imeomba samahani," alisema Mzee Akonaay. "Kwa hiyo inajuta?"

Mwalimu Rogers, anayefundisha baiolojia sekondari, mtu wa Bukoba aliyeletwa na kazi, aliweka kikombe chini. Anapenda mjadala kuliko chapati. "Haijuti, mzee wangu. Imewekewa maneno. Ndani hamna mtu."

"Umeingia ndani ukaangalia?"

"Sijaingia."

"Na ndani yangu umeingia? Utajuaje kama mimi nami sikuwekewa maneno na marehemu baba?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu alikuna kichwa. "Hapo umenikamata, mzee. Hata wasomi wenyewe hawajaelewana, fahamu ni kitu gani na inakaa wapi. Zamani mgonjwa aliyelala kimya walisema hayupo. Siku hizi wakimpima ubongo kwa mashine, wengine wanakutwa wapo, wanasikia kila neno. Ndiyo maana mimi mbele ya mgonjwa sisemi nisilotaka alisikie."

Mectilda alikuwa anakoroga sukari. Maneno hayo yalipita karibu naye kabisa, na hakuyashika, kwa sababu alikuwa anangoja zamu ya swali lake.

"Mwalimu, na mimi niulize. Kuna mtu anayetenda wema bila kutaka kitu?"

"Chukua nyuki, mama. Akimchoma adui, anakufa. Anakufa kwa ajili ya mzinga."

"Anatetea asali yake huyo."

"Hataila. Ameshakufa."

"Wataila ndugu zake."

Mwalimu alipiga meza kwa furaha. "Hivyo hivyo ndivyo wataalamu wanavyosema! Ndugu anamfia ndugu, damu inajitetea. Kazi ipo kwa yule anayemfia asiye ndugu yake. Hapo wanabishana hadi leo."

"Mimi sibishani. Mimi nashuku."

"Basi mpime. Wema wa mbele za watu haupimiki. Mtazame akiwa anaamini hakuna anayemwona."

Hilo Mectilda alilishika kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa ametoa dawa mbili, ya macho na ya masikio, naye akaondoka na ile ya macho tu.

Jumapili alasiri alifika kwa mama yake akamkuta Letisia anakwenda kuchuma mboga. Aliingia ndani, akangoja hatua zake ziishie nyuma ya nyumba. Akatoa simu, akazima mtandao isije ikaita, akawasha kinasa sauti, akaiviringisha kwenye kitambaa na kuisukuma nyuma ya sanduku la nguo, upande wa kichwa cha kitanda. Alipoinuka alikuta macho ya mama yake yako wazi, yamemkazia.

"Usinitazame hivyo," alisema, kisha akajicheka kwa kuongea na ukuta. "Leo tutamjua mgeni wako. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Kesho yake asubuhi alirudi, akasema alisahau simu, akaichukua. Alikwenda nayo moja kwa moja kwenye ghala lake la vitunguu, akafunga komeo, akaketi juu ya gunia.

Kwanza alisikia kuku, mlango, maji yakimiminwa. Kisha sauti ya Letisia, karibu kabisa.

"Shikamoo mama." Kimya kidogo, kama pumzi mbili. "Haya, marahaba yako nimeiona. Maji haya ni ya moto mno? Angalia juu kama ni ya moto." Kimya. "Basi yako sawa."

Mectilda aliisogeza simu sikioni.

"Wifi hakukusalimia tena leo. Nilikuwa mlangoni nachukua kikapu, nikamsikia alivyoingia. Umeumia? Ndiyo, umeangalia juu. Nimeona." Maji yalimwagika taratibu. "Niwaambie sasa kwamba unasikia? Hutaki. Tangu mwezi wa pili uliponijibu nakuuliza, na kila siku hutaki. Mama, mimi ndiye nitakayeumia. Siku wakijua watasema nilikuficha. Yale ya jeneza yaishe, waliongea kama watu waliochoka. Hutaki? Basi."

Kitambaa kilikamuliwa. Letisia aliguna kama mtu anayemgeuza mzito ubavu wa pili.

"Na hili la kuniitia mwenyekiti wa kijiji uniandikishe shamba, nililokuuliza kwa mzaha tu, usiniangalizie juu. Nimekataa. Nikilichukua watakuwa wamesema kweli. Watu wananiuliza napata nini hapa. Napata mgongo kuuma." Alicheka peke yake. "Wala usidhani nimesahau matusi yako. Nayakumbuka yote. Nikikuosha huku mgongoni nayahesabu, lile la kisimani, lile la siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani yetu Loveness. Sijui kwa nini nakuosha. Nilikukuta umelowa, nikakuosha, na kesho yake ukawa umelowa tena. Geuka sasa, twende."

Mectilda alirudia kusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza aliamini kila neno. Mara ya pili akili yake ya miaka kumi na tisa ikaamka: ameiona simu. Ameikuta nyuma ya sanduku, akaamua kucheza. Mtu anauliza, anajijibu, nani ameona hayo macho? Sauti haina macho. Mara ya tatu alisikiliza akitafuta mahali ambapo sauti ya Letisia ingejikwaa, kama anavyotafuta jiwe ndani ya gunia, na hakulipata, na kutolipata kukamtia hofu zaidi. Aliomba Letisia awe mwongo. Katika maisha yake yote hajawahi kuutamani uongo wa mtu namna ile, kwa sababu ikiwa Letisia ni mkweli, basi mama alikuwa pale kitandani siku zote, akisikia bei ya jeneza lake.

Hakungoja jioni. Alimkuta Letisia uani anapepeta mahindi.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Nataka kukaa na mama peke yangu."

Letisia alimtazama kitambo, kisha akaurudisha uso kwenye ungo. "Karibu, wifi. Ni mama yako."

Ndani palikuwa safi. Shuka ilikuwa imekunjwa vizuri begani kwa mgonjwa, na chumba kilinukia sabuni. Mectilda hakuvuta kigoda. Alisimama penye miguu ya kitanda, mikono mbele, kama alivyofundishwa akiwa mdogo.

"Shikamoo mama."

Macho ya Bibi Fransiska yalikuwa juu yake. Alisubiri pumzi mbili, kisha nyingine mbili.

"Mama, kama unanisikia, angalia juu."

Macho hayakwenda popote. Mectilda alisubiri, na mle ndani ya kifua chake kitu kikaanza kulegea, kitamu na cha aibu. Hasikii. Mjane ni mwongo, simu ilionekana, mambo yako vilevile. Angempigia Festo leo leo. Alipiga hatua kuelekea dirishani ili aifungue simu, na macho yakamfuata. Akarudi upande wa pili, yakarudi naye.

Akaketi sakafuni.

"Yale ya jeneza, mama, yalikuwa maneno tu. Festo alikuwa amechoka. Mimi sikuyaanza." Hakuna. "Niliyaitikia. Ni kweli niliyaitikia." Hakuna. "Walituambia hujui kitu." Hapo alinyamaza mwenyewe, maana alikumbuka kwamba hawakuambiwa hivyo. "Nisamehe, mama. Mimi ni mtoto wako. Angalia juu mara moja tu, nijue umenisamehe."

Bibi Fransiska alimtazama bila kupepesa. Ni macho yaleyale aliyokuwa akimtazama nayo utotoni alipovunja kitu akamsingizia paka, na akaachwa asimame hadi aseme mwenyewe.

Mectilda alilia. Kilio chake kilikuwa kibaya, cha mtu asiyekizoea, na kilimchukua muda kukimaliza. Alijifuta kwa ncha ya kanga, akapumua, na ndipo akauliza kwa hasira, kama anayebishana bei na mkulima mkaidi.

"Basi unataka nini? Unataka niondoke?"

Macho ya mama yake yakapanda juu, polepole, yakasimama kwenye mabati.

Mectilda naye akainua kichwa haraka. Alitafuta nzi. Alitafuta buibui, mjusi, tundu la mwanga, chochote ambacho mgonjwa asiyejua lolote angeweza kukitazama. Alitafuta kwa bidii, bati kwa bati, kutoka ukuta huu hadi ule. Hapakuwa na kitu.

Akajishika kwenye kitanda, akainuka, akaenda kuvaa viatu vyake mlangoni. Alipogeuka mara ya mwisho, macho yalikuwa bado juu.